Kipa Twahiru na Ligi ya Vidole na Miguu

Pale Chikongola, mjini Mtwara, ukiuliza kwa Twahiru Chilumba unaweza kuzungushwa mitaa mitatu usipate. Uliza kwa Kipa, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Jina hilo alilipata ujanani alipokuwa akiidakia timu ya mtaa. Wakati huo alikuwa mwembamba kama ufito, na watu wazima wa Chikongola mpaka leo wanakumbuka alivyokuwa akiruka. Goti likamsaliti akiwa na miaka ishirini na sita. Akaachana na mpira, akabeba magunia ya korosho maghalani, akaoa, akapata mabinti wawili, wa kwanza Nasra, na kidogo kidogo akaota kitambi ambacho mkewe, Rehana, alikiita "mpangaji". Alisema kinafika nyumbani kabla ya mwenye nyumba.

Alipofikisha miaka arobaini, Twahiru alijenga banda la mabati kando ya nyumba yake, akatia humo runinga tano na mashine tano za gemu, mabenchi na feni moja iliyokuwa ikilalamika zaidi ya kupuliza. Vijana wakaja kama sisimizi kwenye sukari. Waligombania padi za kuchezea, wakafungana magoli, wakatambiana, na mtindo ulikuwa ule ule wa mabanda yote: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine.

Twahiru alizipenda zile kelele. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni tangu asubuhi hadi jioni, akisikia "Gooo!" nyuma yake, na moyo wake ukicheza kama wa mtu aliye uwanjani. Masharti yake yalikuwa matatu tu. Mwenye sare ya shule haingii, mwenye matusi hatoki salama, na Ijumaa mchana banda linafungwa watu waende msikitini. Kwa masharti hayo alijihesabu kuwa mlezi mwema kuliko wenye mabanda wote wa mji huu. Wazazi walijua watoto wao walipo. Angetaka nini tena?

Katika wateja wake, hakuna aliyempenda kama Muzamil. Huyu alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, wa kidato cha pili, mrefu, mpole na mwenye kigugumizi. Darasani alikuwa hanyooshi mkono hata kama jibu analijua. Lakini akishika padi, vidole vyake vilikuwa vinasema haraka kuliko ulimi wa mtu yeyote, na wenzake walimheshimu. Mama yake, Mwanaamina, alikuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, kule stendi. Kila asubuhi alipita mbele ya banda na beseni kichwani, akiwa amenyooka kama mlingoti, akasalimu, akaenda zake.

Basi ikafika likizo ya Juni. Jumamosi moja Muzamil aliingia bandani saa tatu asubuhi, mlango ukiwa ndiyo kwanza umefunguliwa. Akacheza mechi ya kwanza akashinda. Ya pili akashinda. Kwa kuwa mshindi anabaki, alibaki. Saa sita akawa amefunga watu kumi na wanne, na wenzake wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mmoja alimletea chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Akaigugumia bila kutoa macho kwenye kioo. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakatoka wakarudi, yeye yuko pale pale. Twahiru naye, badala ya kumtoa, alivuta kiti chake ndani aone rekodi ikivunjwa.

Saa tisa alasiri Muzamil alifunga goli la ushindi wa ishirini na tisa. Banda zima likalipuka. Akasimama ili ashangilie na wenzake, akainua mkono mmoja, halafu macho yakamgeuka na akaanguka chini kama gunia, katikati ya mabenchi.

Kelele zote zilikatika. Twahiru hakumbuki aliwasukuma wangapi. Anachokumbuka ni kwamba kijana alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, na kwamba kutoka bandani hadi barabarani, hatua zisizofika sitini, alihema kama aliyepanda mlima na goti lake lilikuwa linapiga kelele. Bajaji ikasimama, wakaingia, wakaenda zahanati.

Muuguzi wa zamu aliitwa Faraja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kialimu. Alimlaza Muzamil, akampima, akamtundikia dripu, na baada ya muda kijana akafungua macho. Hapo ndipo Faraja akageuka kumtazama Twahiru, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, shati limelowa jasho chapachapa.

"Na wewe kaa hapa," alimwambia.

"Mimi siumwi, Sista. Mgonjwa ni yule."

"Nimesema kaa."

Akamfunga mkanda wa presha mkononi. Akausoma, akaurudia. "Mia na sitini na tano juu ya mia na tano," alisema. "Kaka, mmeniletea mgonjwa mmoja au wawili?"

Twahiru alijifuta jasho kwa ukosi wa shati.

"Huyu kijana hana ugonjwa wa kutisha," Faraja aliendelea. "Ana njaa, ana kiu, na hajalala. Ameniambia mwenyewe kuwa akitoka kwako anaendelea na simu mpaka alfajiri. Macho yake mekundu yale, yamekauka. Mtu akikodolea kioo anasahau kupepesa. Shingo imekaza kama ubao. Umri huu ndio mifupa inajengwa na moyo unapata nguvu, nao hauzipati kwa kukaa. Kaka, wanakaa kwako saa ngapi kwa siku?"

Twahiru alitaka kusema, "Kadiri wanavyopenda." Badala yake aliufungua mkanda mwenyewe, akamrudishia.

Wakati huo huo Mwanaamina aliingia. Alikuwa ametoka stendi mbio, upande mmoja wa khanga unaburuzika. Alimshika mwanawe uso, akamtazama jicho moja baada ya jingine, akambusu kwenye paji. Kisha akamgeukia Twahiru. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Twahiru zaidi.

"Kaka Twahiru," alisema, "mimi nilijua mwanangu yuko kwa mtu mzima."

Akarudi kukaa kando ya kitanda cha mwanawe.

Siku tatu banda halikufunguliwa. Twahiru alizunguka uani akigusa hiki na kile. Vijana walikuja kuchungulia, wakaondoka. Rehana, aliyemjua mumewe kama anavyokijua chungu chake, alimwacha siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu akamwambia, "Baba Nasra, ukitaka kukaa na huzuni kaa nayo, lakini usiniharibie bustani yangu ya mchicha kwa kuikanyaga. Nenda kamwombe mama wa watu radhi."

Akaenda. Alimkuta Mwanaamina kibarazani, amekaa kigodani, anaosha ming'oko kwenye ndoo. Muzamil alikuwa kando yake akimenya mihogo, uso umerudi rangi yake. Twahiru alisalimu, akakaribishwa mkeka, akaanza kuomba radhi kwa maneno aliyoyapanga njia nzima. Akamalizia, "Kwa hiyo nimeamua, mama Muzamil. Banda nalifunga moja kwa moja. Mashine nauza."

Mwanaamina aliacha kuosha. "Nani kakwambia ufunge?"

Twahiru akashangaa. "Si ndilo ulilolitaka?"

"Mimi sikusema hivyo. Sikiliza, kaka. Huyu mtoto, kabla ya banda lako, alikuwa hana rafiki hata mmoja. Anatoka shule, anajifungia ndani na tamthilia za kwenye runinga, basi. Wenzake walikuwa wakimwigiza anavyosema. Kwako ndiko alikojifunza kucheka na watu. Leo asubuhi wamekuja sita hapa kumjulia hali. Sita! Nilikosa hata vikombe vya chai." Akachukua ung'oko mwingine, akausugua. "Ukifunga, watahamia banda la mwingine asiyejali hata akianguka mtu. Mimi nataka unirudishie mwanangu jioni akiwa na macho yake na miguu yake. Hilo tu."

"Nitafanyaje sasa?"

"Unaniuliza mimi muuza ming'oko? Wewe si ndiye uliyekuwa kipa?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mnafundisha watoto kucheza mpira kwa vidole gumba. Miguu yenyewe wamepewa ya nini?"

Muzamil alicheka pale alipokaa. Twahiru naye akacheka. Lakini njiani kurudi alitembea huku midomo ikimcheza, na alipofika nyumbani alimwomba Rehana karatasi na kalamu.

Siku ya nne banda likafunguliwa na mlangoni kukabandikwa tangazo. Dakika arobaini kwenye kioo, kisha padi inawekwa chini na mtu anatoka nje. Maji ya kunywa yapo kwenye ndoo, na vinywaji vya kuongeza nguvu haviingii. Chini kabisa, kwa herufi kubwa zaidi, ilitangazwa Ligi ya Vidole na Miguu. Kila timu ya watu watano ingecheza kila mechi mara mbili, kwanza kwenye runinga, kisha kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani, na magoli yote yangejumlishwa.

Vijana wengine walisoma wakaguna. Wanane waliondoka siku hiyo hiyo kwenda banda la mtaa wa pili. Waliobaki walibaki kwa kumheshimu Kipa, au kwa sababu walikuwa na hakika kwamba mpira ni mpira, na mabingwa wa kioo watakuwa mabingwa mchangani.

Loo! Mechi ya kwanza pale Shangani ilidumu dakika sita. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umekaza vizuri, upepo mtulivu, hakuna kisingizio. Dakika ya pili wachezaji watatu walikuwa wameinama wameshika magoti. Dakika ya nne mmoja alilala chali akisema anaona nyota mchana. Amiri, aliyekuwa akipiga chenga mabeki wote wa dunia bandani, alijaribu kuupiga mpira, akapiga mchanga, kiatu kikaruka kikatua majini.

"Kipa!" alipiga kelele huku akihema. "Huku kitufe cha kukimbia kiko wapi?"

"Kiko tumboni mwako," Twahiru alimjibu. "Kula ugali, lala mapema, utakiona."

Wasichana waliokuwa wakicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, hapo jirani walianguka kwa vicheko. Kiongozi wao, Warda, binti wa kidato cha tatu mwenye mapafu ya punda, akaja akasimama mbele ya Twahiru. "Mjomba, na sisi tunaingia ligi."

"Mnajua kushika padi?"

"Hatujui. Hawa nao wanajua kukimbia?"

Wapo waliokunja uso waliposikia mabinti watacheza na wavulana. Ni Mwanaamina aliyelimaliza jambo hilo. Alishauri kila timu iwe na mzazi mmoja golini. "Wazazi wakiwemo uwanjani nani atasema neno?" alisema. "Na sisi tunakaa mno mbele ya hizo tamthilia. Mimi nitawadakia mabinti." Warda na wenzake walivaa suruali ndefu, mitandio ikafungwa barabara, na mama zao wakaja na mikeka kutazama. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kwamba liliwahi kuwa neno.

Twahiru mwenyewe alijikuta golini mwa timu ya Muzamil. Siku ya kwanza aliruka akatua kwa yule mpangaji wa tumboni, watu wakadai wamesikia ardhi ikitikisika. Usiku wake Rehana alimsugua goti kwa mafuta ya nazi huku akimcheka mpaka machozi. Lakini kesho yake alfajiri, baada ya sala, alitembea peke yake kutoka Chikongola hadi Shangani na kurudi. Kesho kutwa yake Muzamil alimfuata. Mwisho wa mwezi walikuwa kumi na moja, wanapiga soga njia nzima, na wauza vitumbua wakajua muda wao.

Bandani nako mambo yaligeuka. Mabinti, waliokuwa wakifungwa kumi bila kwenye kioo, walihitaji mwalimu, na Warda akamchagua Muzamil. "Wewe nifundishe padi, mimi nitakufundisha pumzi," alimwambia. Kijana aliyekuwa akiogopa kusema jina lake darasani alisimama mbele ya wasichana watano, akaeleza kwa kigugumizi jinsi ya kukaba na jinsi ya kupiga kona. Walimsubiri kila neno lilipokwama. Naye jioni alikimbia nao ufukweni, akifundishwa kuvuta pumzi kwa pua na kutoa kwa mdomo, asikate roho dakika ya pili.

Sista Faraja alikuja Jumamosi moja na kipimo chake. Alikuja kumwangalia Twahiru peke yake, aliyeanzishiwa dawa za presha pale zahanati, akajikuta na foleni ya akina mama hadi barabarani. Siku hiyo hiyo aligundua kuwa Muzamil anakunja macho akisoma kibao cha mbali, akamwandikia aende akapimwe. Wiki iliyofuata kijana alivaa miwani. Alipotoka nje mara ya kwanza alisimama kwa muda mrefu akitazama juu. "Ma-mama," alisema, "kumbe minazi ina majani moja moja."

Agosti ikaja, na fainali ikapangwa siku ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa mbali kabisa. Walioingia fainali ni timu ya Muzamil na timu ya Warda. Kwenye runinga, jioni ya jana yake, Muzamil na wenzake walishinda mbili kwa moja, na ilibidi watoe jasho, maana mwanafunzi alikuwa amemsoma mwalimu wake.

Asubuhi ile Shangani ilijaa. Nguzo za goli zilikuwa ndoo nne, na mistari ilichorwa kwa fimbo. Golini upande mmoja alisimama Twahiru, fulana imemkaa vizuri kuliko mwezi wa sita. Upande wa pili alisimama Mwanaamina, khanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, mikono iliyobeba mabeseni miaka kumi na mitano imetanuliwa kama mbawa.

Walicheza dakika kumi na tano kila kipindi na hakuna aliyelala chali. Amiri alikimbia mwanzo mpaka mwisho, viatu vyote viwili miguuni. Twahiru alidaka shuti la karibu kwa mkono mmoja, na mzee mmoja wa zamani akapiga kelele, "Huyo ndiye wa enzi zile!" Moyo wake ulitaka kumtoka kwa furaha. Lakini dakika za mwisho Warda aliupokea mpira katikati, akawapita wawili, akamjia Twahiru uso kwa uso, na kumpiga tobo katikati ya miguu. Moja bila. Ukijumlisha na ya kwenye kioo, mbili kwa mbili.

Zikaja penati, tatu kwa kila timu. Mabinti wakatia mbili, Twahiru akapangua moja. Wavulana wakatia moja, wakakosa moja. Ikabaki ya Muzamil, na mbele yake golini ni mama yake mzazi.

Muzamil aliuweka mpira, akarudi nyuma hatua tano, akasogeza miwani.

"Mwanangu," Mwanaamina alisema kwa sauti ya upole, wote wakisikia, "leo mchana nyumbani kuna pilau ya kuku."

Watu wakaangua kicheko. Muzamil alijaribu kukaza uso akashindwa. Alikimbia akicheka, akapiga akicheka, na shuti lenyewe lilikuwa kali, halikuwa la kumpendelea mtu. Mwanaamina alijitupa kushoto na khanga yake yote, mpira ukamgonga begani, ukapaa, ukaanguka pembeni, nje ya ndoo.

Kilichofuata si rahisi kukisimulia. Mabinti walimrukia kipa wao, akina mama wakapiga vigelegele, mtu akamwaga ndoo ya maji. Muzamil hakwenda kukaa pembeni. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye lile rundo, akamvuta mama yake kutoka chini, akamwinua, mrefu kama alivyo, akazunguka naye huku akipiga kelele, "Hu-huyu ni ma-mama yangu! Mmemwona? Ni ma-mama yangu!" Kila mtu alimsikia, na hakuna aliyemwigiza.

Twahiru alikuwa amekaa golini kwake, mchanga hadi kwenye nywele, anacheka peke yake.

Mwezi wa tisa alirudi zahanati. Faraja alimfunga mkanda, akasoma mia na thelathini na mbili juu ya themanini na nane, akamwambia bado hajafika lakini yuko njiani, asiache dawa wala matembezi. Alipotoka alikuta bajaji tatu zimesimama barabarani, zimejaa vijana. Vijana wa Mikindani walikuwa wameleta ujumbe kwamba wamesikia habari za ligi na wanataka mechi, ya vidole na ya miguu, ila wana sharti moja. Yule mama muuza ming'oko asikae golini.

"Umewajibu nini?" Twahiru alimuuliza Warda aliyekuwa ametoa kichwa nje ya bajaji ya kwanza.

"Nimewaambia hakuna mama, hakuna mechi. Wamekubali. Panda, mjomba, tunachelewa!"

Twahiru alijibana kati ya Amiri na Muzamil, magoti yakimgusa kidevu, na bajaji zikaondoka kwa makelele kuelekea Mikindani. Katika ile ya mbele kabisa alikuwemo Mwanaamina, anafunga khanga yake kiunoni.